Mama, Nimefundishwa Kunyamaza

Mama yangu,

Sasa pale mvua ilitukatiza juzi kwa kaburi yako, hadithi yangu ilikuwa imefika kwa yule nesi. Wacha niendelee, lakini leo ni kwa kalamu, kwa sababu mdomo imepigwa marufuku. Naandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Ukiona herufi zimelala usicheke, mimi niliachia darasa la nne, na wewe hukufika hata hapo.

Kwanza nikukumbushe huyu mtoto. Binti yangu Kendi alijifungua wiki tatu baada ya sisi kukuzika. Msichana wake wa kwanza alikuwa amepewa jina ya mama wa bwanake, wale wa Embu, kama kawaida. Huyu wa pili zamu ilikuwa yangu. Nikawaambia mimi bado niko na watu wananiita kila siku, mpeni jina ya mama yangu. Ndio akawa Gacheri, kama wewe. Kendi na bwanake wako na kazi Embu, wanakaa huko kwa mtaa inaitwa Dallas, kwa hivyo mtoto alipoacha kunyonya akaletwa kwangu hapa Kaaga.

Sasa ako na miaka miwili na nusu na hajasema neno. Hata moja, mama. Anacheka, anacheza, anasikia paka ikipita juu ya mabati, lakini neno hakuna. Mkwe akapiga simu: "Mama Kendi, huyo mtoto amepotelea huko. Jumamosi tunakuja kumchukua. Huku ako na dadake, ataongea tu." Nikacheka, nikamwambia karibuni, nitachemsha ndizi. Lakini nilipoweka simu chini nilimfunga mtoto mgongoni, na sikumtoa mpaka usiku.

Jumamosi ndio leo. Kendi amepiga sasa hivi. Wamepita Chuka.

Basi huyo nesi wa kliniki. Msichana mdogo, pengine hata hajaolewa. Akainama kwa mtoto: "Unaitwa nani, mrembo?" Nikasema anaitwa Gacheri. "Na unapenda kula nini, Gacheri?" Nikasema ndizi, lakini iliyopondwa, na isiwe moto. "Na hapa mlikuja na nini?" Nikaanza kumwambia vile tulikuja, na vile tulikutana na yule mwalimu ameachwa na bibi. Nesi akaweka kalamu chini. "Shosho, kwani ni wewe niko napima?"

Watu wote kwa ile benchi walicheka. Hata mimi nikacheka.

Akampima masikio, akamwangalia ulimi, akasema mtoto ako sawa. "Shida ni hana nafasi. Akiangalia kikombe, maji imefika. Akifungua mdomo, umeshajibu. Sasa aongee ya nini? Muulize kitu, halafu nyamaza. Hesabu mpaka kumi kwa roho."

Mama, nilitembea kutoka hapo mpaka nyumbani bila kusalimia mtu. Watu wa Kaaga walidhani nimefiwa.

Kwa sababu nilijua hiyo tabia nilitoa wapi. Niliitoa kwako. Ule mwaka na nusu ulilala. Ugonjwa ulikukamata upande mmoja ile asubuhi uliniita nikiwa shamba ya kahawa, "Kanana-a", ukivuta mwisho vile unavuta, na hiyo ikawa neno yako ya mwisho. Baada ya hapo ulikuwa unagonga kidole kwa blanketi. Mara moja ni maji. Mara mbili ni kugeuzwa. Ukiangalia dirisha, unataka jua. Wageni wakija wakikuuliza umeamkaje, mimi nilikuwa najibu, "Ameamka vizuri, amekunywa uji." Niliongea ya watu wawili mpaka nikasahau ya nani ni gani. Halafu nikapewa mtoto na jina yako. Sisi tunasema mwenye jina amerudi. Sasa mtu amerudi, mimi ni nani nimwache aombe maji? Nikaendelea tu pale tuliachia.

Na wewe mwenyewe ulikuwa unajua vile inafanywa. Nakumbuka ukichagua maharagwe na kaka yangu wa mwisho kwa magoti. Unainua moja. "Na hii ni nini?" Halafu unanyamaza, mkono juu, mpaka kuku inakuja kuangalia. Mimi nilikuwa naruka kujibu. Ulinipiga na ungo kwa kichwa. "Kanana, hiyo mdomo yako mwachie mwenzako kidogo."

Kwa hivyo siku kumi na mbili nimejaribu. Naweka kikombe juu ya meza, namuuliza Gacheri anataka nini, nahesabu. Siku ya kwanza alilia mpaka mimi pia nikalia. Siku ya nne alinishika mkono akaupeleka kwa kikombe kama mtu anavuta mbuzi. Niliuma leso. Jana alifungua mdomo, nikaona ulimi ikitafuta mahali, nikafika kumi, nikafika thelathini, halafu akafunga. Mama Ken, jirani yangu, anakuja kwa ua kila asubuhi kuniita nimpe habari, ananiita Kanana kabisa, kama wewe. Simwitikii. Anasema nimeanza kuringa.

Leo nimevalisha mtoto ile nguo ya kanisa. Ndizi iko kwa moto. Gacheri ako huko jikoni, amesimama mbele ya meza anaangalia kikombe, mimi niko hapa kwa mlango nimempa mgongo ili nisimwonee huruma. Mama, wakimchukua, hii nyumba nitaongea na nani? Ningekuomba umsaidie, lakini wewe mwenyewe uliondoka na kidole tu.

Kuna gari imepiga honi huko chini kwa barabara. Pengine si wao. Nimehesabu saba. Na—

Mama, kuna mtu ameniita Kanana. Si Mama Ken, leo ako soko. Ni sauti ndogo, imetoka jikoni, na imevuta mwisho.

Ameita tena. Wacha niende, ni wewe.

Binti yako,
Kanana