Kazi Yangu Haiishii Kwenye Fizi

Kliniki ya Meno,
Arrieta, Oregon.
11 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Beñat,

Salamu nyingi zikufikie hapo shambani, wewe na wifi yangu Karmele, na Mama, na Amaia wetu. Natumaini goti la Mama limepata nafuu kwa kuwa baridi imeanza kupungua, na kwamba mitamba wako wamenenepa. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochemka, na ukivumilia kusoma utajua kwa nini. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu umeacha kupokea, na juzi nilipofika getini kwako walionikaribisha ni mbwa tu.

Nianze na ule mkutano wa ukumbini. Nilikaa nyuma, nimevaa koti la Baba, nikiamini kweli tumeitwa kujadili maji ya mifereji. Kumbe tuliitwa kunijadili mimi. Mzee Merle Stroud, ambaye hana jino hata moja kinywani ambalo sijalishughulikia, akasimama akalalamika kwamba siku hizi ukienda kuziba jino unaulizwa kama unataka na chanjo. “Kesho fundi wa trekta naye atatupima macho!” akasema, na watu wakacheka mpaka wakagonga viti. Hilo nililimeza, Merle ni Merle. Lakini ukainuka wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, ukavua kofia kama mtu anayetaka kusali, ukasema, “Dada yangu namheshimu, ila kazi yake inaishia kwenye fizi. Mabega ya watu ayaache.” Ukapigiwa makofi. Tangu siku hiyo wagonjwa wangu wanavuka mpaka kwenda Idaho kusafishwa meno, na tukikutana dukani wanasoma kopo la maharage kana kwamba ni Injili.

Fizi, Beñat! Unajua sindano ya ganzi inapita wapi? Inapita nyuma kabisa ya taya, jirani na mshipa wa fahamu, mahali ambapo ukikosea kidogo mtu anakaa na ulimi uliokufa. Hiyo nawachoma kila siku, na wewe nimekuchoma, na Merle huwa anasinzia nikimchoma. Hakuna aliyewahi kuniuliza mamlaka nimeyatoa wapi. Ila bega, nyama tupu ambayo hata kipofu angeipata, hapo ndipo nimevuka mpaka. Sheria ya jimbo inaniruhusu, mafunzo nimesomea, na mgonjwa namuuliza kwanza. Akikataa namsafisha meno yake na tunaagana vizuri.

Sasa nikukumbushe siku ya kutia chapa. Kila mwaka majirani wote wanakusanyika zizini kwako, moto unawaka, Karmele anachemsha kondoo kwenye lile sufuria kubwa, na sindano za kuwachanja ndama anapewa yeyote mwenye mikono miwili. Ulimpa mwalimu wa katekisimu. Ulimpa yule mkaguzi wa barabara, mgeni kabisa, akaidunga buti yake mwenyewe kabla hajampata ndama. Mimi nilipewa sindano hiyo nikiwa bado nasuka nywele mikia miwili, na Baba akasema nina mkono mwepesi. Hapo hakuna anayesema kwamba kazi ya fulani inaishia mahali fulani. Na mitamba wako je? Unamwita daktari wa mifugo aje awachanje wote, awatie na hereni masikioni, kwa sababu hutaki kusubiri mpaka waanze kutupa mimba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo unavyowaambia vijana wa kazi. Kwa mitamba una akili nyingi sana, ndugu yangu. Nasema hivyo kwa hasira, na sirudi nyuma.

Wewe mwenyewe mara ya mwisho kumwona daktari ni lini? Ni pale fahali alipokuvunja ubavu, na hata hapo ulibebwa. Watu wa huku ndivyo walivyo. Hospitali iko mbali, mpaka ng’ambo ya milima, na hakuna anayekwenda ila awe amelazwa nyuma ya gari. Lakini kwangu wanakuja kila baada ya miezi sita, kwa sababu hakuna anayetaka kupoteza meno. Wanakaa kwenye kiti changu, wanafungua mdomo, nami naangalia. Naangalia ulimi, na koo, na ninapapasa chini ya taya. Ndivyo nilivyokiona kile kivimbe cha Baba. Alikuja kusafishwa meno tu, akawa ananitania kwamba namtekenya. Vidole vyangu vilikigusa nami nikaendelea kutabasamu kwa sababu alikuwa ananitazama usoni.

Beñat, kaa chini kama umesimama.

Mwezi uliopita Amaia alikuja na gari lako la mizigo baada ya shule, zamu yake ya kusafishwa meno. Nilimweleza habari ya chanjo ya HPV, kile kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana na kinachoweza kuleta saratani miaka mingi baadaye, kama ninavyowaeleza vijana wote wa umri wake. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana kuliko yaliyoulizwa pale ukumbini. Ana miaka kumi na sita, na katika jimbo letu umri huo unamtosha kujiamulia. Hata hivyo sikumchoma. Nilimwambia, “Nenda kwanza ukazungumze na baba yako.” Alikwenda. Wiki iliyofuata akarudi, macho mekundu, akaniambia alikuuliza mezani nawe ukamjibu kwamba mambo hayo hayazungumzwi kwenye chakula. Mama yake akainamia sahani. Akangoja umalize kula akuulize tena, ukaenda kulala.

Kisha akaniuliza swali ambalo nimelikimbia tangu tumzike Baba. “Shangazi, babu alikufa kwa ugonjwa gani hasa?”

Nikamwambia. Nami nakuambia wewe sasa, ukiwa umetanguliwa na mwanao. Siku ile nilipompeleka Baba kuchukua majibu, daktari alisema saratani ile ya koo imeletwa na kirusi hichohicho cha HPV. Tuliporudi, Baba aliniomba nisimamishe gari pale kwenye daraja la mbao. Akasema, “Mwambie Beñat ni kiko changu cha tumbaku. Kiko watu wanakielewa.” Aliogopa watu wangemsema yeye, au mbaya zaidi wangemsema Mama. Nilimweleza kwamba kirusi hicho karibu kila mtu hukutana nacho maishani bila kujua, hata mtu mwaminifu kama yeye, na kwamba hakuna aibu ndani yake. Akanishika mkono akasema, “Najua, binti yangu. Wao hawajui.” Basi nikanyamaza. Siku ya mazishi ulikivunja kile kiko kwa nyundo mbele ya wageni, nami nikasimama pembeni nikaokota vipande. Ninavyo mpaka leo, kwenye droo ya kliniki, na kila ninapomsemesha kijana habari ya chanjo navikumbuka.

Wewe ndiye uliyekuwa ukimlisha supu kwa kijiko mwisho mwisho, wakati hata maji yalikuwa yanamkwama. Unajua kifo kile kilivyokuwa. Halafu unasimama ukumbini unapigiwa makofi kwa jina langu! Hilo ndilo linalonichoma, si wagonjwa waliohama. Wagonjwa watarudi jino likiwauma.

Nilimchoma Amaia, bega la kushoto. Hakulia. Alisema, “Mwambie wewe, shangazi, mimi namwogopa.” Ndiyo maana unasoma barua hii. Dozi ya pili ni mwezi Mei, wiki ileile ya kutia chapa, na ya tatu itafuata kabla ya theluji. Ukitaka kunigombeza, nigombeze mimi. Mlango wa kliniki unaujua, na kama umesahau, Merle atakuonyesha, maana jana usiku gego lilimwamsha na alfajiri alikuwa ameegemea kitasa changu, amefunga shavu kwa kitambaa. Nimemtibu. Sikumtania hata kidogo, na ilinigharimu.

Ndama nitakuja kuwachoma kama kila mwaka, nikialikwa nisialikwe. Mbusu Mama kwa niaba yangu, na uniachie mimi habari ya Baba, nitamweleza mwenyewe taratibu. Msalimie sana wifi, mwambie mkate wake nimeumisi. Na mtoto usimkaripie, Beñat. Akikuuliza jambo tena mezani, weka kijiko chini umjibu.

Ni mimi dada yako, niliyekasirika na ninayekupenda,

Maite