Kiwanja Alichotoa Adelina

Jumatano, Agosti

Mkuu wa kituo cha zimamoto amenikumbusha tena leo. Fedha za kujenga kituo cha kudumu hapa Milanzi hazitatoka mpaka kiwanja kiwe na hati kwa jina la kituo. Hati iliyopo ina jina la mke wangu. Adelina aliwapa kiwanja kwa mdomo tu, mwaka ule nyumba ya jirani ilipoungua, na hakuna aliyefikiria karatasi. Sasa hayupo, na msimamizi wa mirathi ni mimi. Ijumaa wananisubiri nisaini.

Mchana kaka yake Adelina alikuja. Alikataa kiti.

"Shemeji, umeoa kwetu, sasa unagawa na ardhi ya baba yetu?"

Nikamwambia Adelina alikitoa mwenyewe.

"Lete maandishi yake."

Sina. Ninachokumbuka ni Adelina akimwomba dereva wa zimamoto asipige king'ora karibu na banda, kuku wake wanaatamia. Dereva alicheka sana, lakini tangu siku ile akawa anakiwasha akishafika barabarani.

Nisiposaini, gari la zimamoto linaloegeshwa hapo litahamishiwa mbali, na mwezi huu nyasi zimekauka, upepo hautulii. Nikisaini, shemeji zangu watanisusa. Jumapili ni misa ya mwaka mmoja tangu afariki. Mimi ni mtu wa kuja, hapa sina ukoo mwingine ila wao.

Nitasaini. Jumapili nitawawekea viti vya mbele. Naogopa sana kwamba hakuna atakayevikalia.