Sabuni Yangu na Sabuni ya Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Pikapu ya wifi imepita tena. Madumu ya sabuni yamejaa mpaka kamba zinalia. Na honi – pii, pii – ilipofika mlangoni kwangu tu. Nyumba nyingine hazina masikio? Nilikuwa nakoroga pipa langu. Nikakoroga zaidi.

Anapeleka hoteli ile ya ghorofa, hospitali, na sasa shule ya bweni. Mimi nauza chupa moja moja hapa mlangoni, na nusu ya majirani wanataka wapunguziwe. Nani alimfundisha kutia chumvi kidogo kidogo ili sabuni ya maji iwe nzito? Mimi! Dada wa marehemu mume wangu, nikasema si mtu baki. Alikuja uani kwangu hajui hata mwiko unashikwa wapi. Leo ananipigia honi.

Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Mimi sina wivu. Nina hasira tu.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda hotelini mwenyewe. Gauni la sherehe, chupa ya sabuni mkobani – mkono mtupu haulambwi. Mlinzi kaniuliza namtaka nani. Namtaka mkubwa. "Mkubwa yupi, mama?" Mkubwa ni mkubwa! Maswali kama anaposa.

Ndani nikaona baba mmoja kwenye kiti. Suti, viatu vinang'aa, tumbo la mamlaka. Nikasema ndiye huyu. Nikamweleza sabuni yote, kuanzia pipa mpaka povu. Alisikiliza vizuri, kichwa anatikisa. Nzuri sana, mama, hongera. Akachukua chupa yangu. Akachukua na begi lake. Akaingia kwenye teksi.

Mgeni! Alikuwa mgeni anaondoka zake!

Dada wa mapokezi kacheka mpaka kazama chini ya meza. Na mtu mzima, na suti yake, kaenda na chupa yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Mjukuu wangu Chiriku amekuja jioni. Jina hilo nilimpa mimi, alikuwa hafungi mdomo. Sasa analipwa kwa mdomo huohuo: anakaa ofisini na simu, anaulizia kwenye kila kampuni ni nani hasa mwenye kauli ya kununua, halafu wauzaji wa ofisi yake wanamfuata huyo. Mwaka jana aliponieleza nilimcheka. Kazi gani hiyo, kuulizia watu!

Nikamhadithia ya hoteli. Akacheka yeye. Nikamwambia afunge mdomo, nzi wataingia.

Akasema, "Bibi, jengo halinunui sabuni. Ananunua mtu. Na si lazima awe mwenye suti. Pengine ni mama anayesimamia usafi, pengine kijana wa manunuzi. Kwanza ujue ni nani, ndipo uvae gauni."

Haya. Nikauliza, kwa kupita tu, wifi alimpata nani pale hotelini.

Akanyamaza. Chiriku – kunyamaza!

Kumbe ni yeye. Yeye ndiye aliyemtafutia wifi, Bibi Shangazi wake, watu wote! Hoteli, hospitali, shule, wote! Damu yangu! Mtoto niliyembeba mgongoni, na mgongo mpaka leo unauma.

Kwa nini yeye na si mimi? "Bibi Shangazi aliniomba. Wewe uliniambia nitafute kazi ya maana."

Chai ilipoa. Hakuinywa. Mimi pia.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejitanda mtandio mpaka puani, nikaenda duka la mbali, nikanunua sabuni ya wifi. Ina karatasi yenye picha yake anacheka. Anamcheka nani?

Nikaimimina kwenye chupa tupu ya maji, sawasawa na chupa ninazouzia yangu. Yangu nikaifunga uzi mwekundu shingoni, nisije nikachanganya. Nikamwita jirani, fundi cherehani, aoshe sufuria mbili bila kujua ipi ya nani.

Akasugua. Akanusa. Akasema ile isiyo na uzi imeshinda kidogo.

Nikamwuliza, fundi wa nguo sufuria amezijulia wapi? Kaondoka amenuna.

Nimeosha mwenyewe. Mara ya kwanza, mara ya pili. Sawasawa. Povu lilelile, uzito uleule. Ule ni mkono wangu kwenye chupa yenye sura yake. Ingekuwa mbaya ningelala vizuri.

Jumapili, 10 Machi

Nimempigia Chiriku. Sikumwomba radhi, mimi ni bibi yake. Nikamwambia, nitafutie na mimi. Akasema, "Niombe vizuri, Bibi."

Nikamwomba. Mungu ndiye shahidi wangu.

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi nimeona dirishani kwa fundi cherehani chupa ya wifi. Ile ya kucheka. Hata yeye! Pipa langu la wiki iliyopita bado limejaa hadi shingoni. Nikikosa wa kunipokea sabuni, basi nilipindue, nilifugie kuku.

Chiriku amekuja na majibu. Amepigia simu kiwanda cha mikate, kampuni ya mabasi, hospitali ya pili. Wahusika amewapata wote. Ila kila mmoja anataka mzigo mkubwa kila wiki, na pipa moja la uani halifui dafu.

"Lakini yupo mtu mmoja," akasema. "Ana wateja wengi kuliko mapipa. Mzigo wake unachelewa, wameanza kunung'unika. Anamtaka mkorogaji mzoefu, huyo akoroge kwake uani, mwenye wateja afanye kuuza tu. Kila wiki, mapipa matano, na mapipa analeta yeye. Na analipa kwa wakati."

Nikapiga makofi. Huyo ndiye! Nani?

Chiriku akatazama dari.

Nikasema hapana. Nikasema tena hapana. Nikasema bora niinywe hiyo sabuni.

"Bibi, kazi yangu ni kukwambia mtu sahihi ni nani. Sikuahidi kwamba utampenda." Na haraka, kasema. Keshokutwa anakubaliana na mkorogaji mwingine.

Keshokutwa.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika nikiwa sebuleni kwa wifi. Nimetoa daftari nisionekane nashangaa makochi. Mapya. Na mapazia mapya. Sitazami.

Nimekuja na chupa zote mbili za Jumamosi mkobani. Yangu nimpe. Yake niifiche – akithubutu kuiponda yangu, nimtolee nimwambie haya, tofautisha!

Alinipokea mlangoni: "Makubwa! Wifi, leo jua limetokea wapi?" Nikamwambia limetokea palepale, wewe ndiye umejifungia na makochi. Akacheka. Na mimi kidogo – kiliniponyoka.

Sikuzunguka. Nasikia unatafuta mkorogaji.  Akasema kweli anatafuta, ila siku hizi hachukui mtu kwa undugu, anapima mkono kwanza. Mkono! Anipime mimi mkono! Jana yule mwingine kaacha chupa, na si mbaya. Nikasema basi pima. Nikaingiza mkono mkobani, nikampa, huku natazama pazia kwa kiburi.

Akaenda nayo jikoni. Nasikia bomba. Nasikia sufuria.

Sasa hivi nimetafuta kitambaa nijifute jasho. Nimeshika uzi mwekundu.

Yangu imo humu! Anayooshea ni yake!

Nimwite? Nikimwita nitamwambia nini – kwamba nilijifunika uso nikaenda kununua sabuni yako? Atauhadithia ukoo mzima mpaka siku nitakayozikwa, na siku hiyo pia.

Bomba limefungwa. Anapaza sauti kutoka huko: "Wifi! Mbona nyepesi hivi? Mkono umechoka, ee? Mimi kitu kama hiki siwezi kukipeleka hotelini!"

Nyepesi! Sabuni yake mwenyewe! Inayokwenda hotelini kila Jumatatu na honi juu!

Kandambili zinakuja, zinaburuza. Ya uzi nimeipakata. Ninaweza kusema, wifi, nilikosea chupa, jaribu hii. Neno dogo tu. Halafu ninyamaze, nisiseme ile ya kwanza ni ya nani, nipate mapipa yangu matano.

Ninyamaze tu.

Yuko mlangoni, ameshika chupa kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Anafungua mdomo kuniambia pole.

Ulimi wangu naujua.