Mwenyewe Hajulikani

Dada Koku,

Tumemwona mamba wako. Yuko Bukoba mjini, kwenye jumba la makumbusho, kajazwa majani makavu na kuwekewa macho ya gololi. Amenenepa kuliko siku ile ya mwaka wa Uhuru alipokuchukua ziwani ukichota maji. Watoto wa shule wanamtia vidole mdomoni. Wewe tulikuzikia shina la mgomba nyuma ya nyumba, maana hatukupata hata ukucha. Yeye kaezekewa bati.

Mama alipomwona tu akapiga magoti, kama anavyosalimia watu. "Mwana wange," akasema. Mtoto wangu. Kwake kaburi lako ni lile tumbo. Kijana anayetembeza wageni akawageukia wanafunzi: "Mnaona? Wazee wetu bado wanaabudu mamba!" Wakacheka wote, na mwalimu wao. Haki ya Mungu, Koku, nilitaka kumzaba kibao.

Pembeni, ndani ya kioo, ipo bangili yako ya shaba, ile ya kipaimara. Waliompasua mamba waliikuta tumboni wakaondoka nayo. Chini wameandika: Pambo la kienyeji. Mwenyewe hajulikani.

Hajulikani! Wewe uliyekuwa ukipita mnadani Kagoma watu wanasahau kupima kahawa!

Mama hajui kusoma. Akaniuliza, "Wameandika jina lake?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Akapapasa kioo, akamshukuru yule kijana kwa mikono miwili.

Nilimvuta kando nikamwomba aandike jina lako. "Ndugu," akanijibu, "siku hizi vitu ni vya wote. Majina ya watu binafsi hatuweki." Jina lake mwenyewe limebandikwa mlangoni.

Sasa sikia balaa. Mama ameingia kisomo cha watu wazima, na anashika haraka. Jana kaandika KOKU kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, herufi zimepinda, akajicheka mwenyewe. Anasema tukishavuna kahawa turudi mjini, akalisome jina lako kwa macho yake.

Haya, pumzika, dada, kama kuna pa kupumzika humo kwenye majani. Nakuahidi nitamtangulia. Nitakwenda na mkaa wa jikoni, niandike juu ya kioo chao, wanifunge wakitaka. Kwa herufi kubwa, maana zile ndogo Mama bado hajazifikia.

Mdogo wako,
Kemi