Sekunde Nne za Zumari

Jumatatu, 3 Juni

Kikundi chetu cha darasani kimepata mhariri wa video ya muziki. Mimi! Nani mwingine? Shule niliikimbia, sawa, nimerudi ukubwani, lakini miaka sita nimebeba spika za bendi, miji kumi na miwili — jicho langu limesoma kuliko vyeti vyao. Darasa zima linaniita Anko. Poa tu.

Wimbo ni wa Zumari. Jina hilo nilimpa mimi. Akiimba, hata feni inaona haya. Akiongea sasa — kigugumizi. Huwa namsaidia, namalizia maneno, tunaendelea. Ndivyo nilivyo, roho yangu nyeupe.

Jumanne, 4 Juni

Mwanzoni mwa video Zumari anaitazama kamera, anasema: "Wimbo huu nimeutunga m—" Anakwama. Sekunde nne nzima! Kisha "mwenyewe", ngoma zinaingia.

Mwenyekiti — kiongozi wetu, huongoza hata foleni ya chai — kasema toa maneno yote hayo, yanatutia aibu. Aibu ya nani? Nikamwambia, bwana mdogo, shika kalamu yako, mkasi niachie mimi.

Nimeimaliza kazi kifundi. Zile nne nimezikata, penye kiungo nikabandika mikono ya mpiga gitaa. Sentensi inateleza kama sabuni! Mshono huuoni. Nimejipigia makofi peke yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwonyesha Zumari. Nilikuwa nangoja sifa. Katazama mara mbili. Kisha: "Anko, na wewe u-u-u—"

"Umefanya kazi," nikamsaidia.

"Umenimalizia!" Kaifunga laptopu yangu, pwaa! Akaongea polepole, na mimi kwa mara ya kwanza nikangoja mpaka nukta. Kwamba tangu mdogo watu wanammalizia maneno. Na mara nyingi siyo aliyotaka kusema.

Mimi! Mtu wa miji kumi na miwili! Nilikaa kama gunia.

Nimezirudisha. Zote nne. Mwenyekiti kapiga kelele: tutakosa alama, darasa litacheka. Acheke anayetaka! Video haitoki bila hizo. Na kama ananivua uhariri, basi aanze kujifunza kompyuta leo.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika chini ya dawati, mwalimu asinione. Video yetu imeisha kuonyeshwa darasani sasa hivi. Kwenye zile nne mtu wa nyuma alicheka — nikageuka na hili jicho langu, akakimeza kicheko chake.

Mwalimu kauliza: wimbo kautunga nani?

Mwenyekiti huyo, mdomo wazi, anataka kujibu. Nimemkanyaga. Kiatu changu ni namba arobaini na tano.

Zumari amesimama. "M—"

Neno ninalo. Liko hapa kwenye ulimi, linawasha. Silitoi! Nimeng'ata kifuniko cha kalamu mpaka kimepasuka.

"M—"

Feni inazunguka. Mwalimu anatazama saa. Aitazame tu. Leo humu hakatwi mtu.