Kitovu Kisicho na T

Jumatatu, 3 Machi

Meya kaniita leo. Nikavaa shati safi – bure, hata hakulitazama. Anataka maandishi juu ya tao la kuingilia mjini, pale barabara inapotoka darajani: KITOVU CHA UCHUMI WA KANDA. Herufi za bati, nyekundu. "Zionekane mpaka ng'ambo, mzee wetu. Hasa ng'ambo!" Akacheka kwa pua.

Kisa ni bandari kavu. Tume inakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuchagua ijengwe wapi, kwetu au mji wa ng'ambo ya mto. Bandari bila bahari! Nimeshaona bwana harusi bila meno na duka bila bidhaa, lakini hili jipya. Eti makontena yatashushiwa hapo, ushuru ulipiwe hapo, vijana wapate kazi. Haya. Mimi ni nani nikatae.

Miji yenyewe kama wake wenza. Wao wakiweka saa mnarani, sisi tunaweka kubwa zaidi (haijasema kweli hata siku moja). Sisi tukijenga chemchemi kwenye mzunguko wa barabara, wao wanajenga yao na kuongeza sanamu ya simba. Kinyozi wangu anasema yule simba ana sura ya mhasibu.

Mama watoto kauliza kitu kimoja tu: "Wakishinda wao, binti yetu ndiyo basi tena?" Nikajifanya sisikii. Nasikia sana. Mkwe wetu ni mtu wa forodha, yuko ng'ambo. Bandari ikija huku, ofisi yake inahamia huku, na binti – kitindamimba wangu, tena tumbo limeshashuka – anarudi karibu. Ofisi ikibaki kule, wanajenga nyumba kule. Nami nitakuwa babu wa kwenye simu.

Jumatano, 5 Machi

Mkwe kaja. Shikamoo ndeeefu – nikajua ana shida. Kule kwao wamemtia kwenye kamati ya mapokezi. Nao wana tao. Nao wanataka herufi. Akakohoa. Akatazama dari. "Kitovu cha Uchumi wa Kanda, baba."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Mwili mmoja vitovu viwili? Mwanangu, hiyo si kanda, huo ni ugonjwa!"

"Nimewaambia namjua fundi bora kabisa, baba. Sikusema ni wa wapi."

"Basi na mimi sitasema kazi ni ya nani." Tukapeana mikono. Bati halina uraia. Wao wanataka za bluu.

Kiolezo kimoja, nakata mbilimbili. Siri yetu wawili. Mama watoto anajua, lakini yeye hahesabiwi, yeye ni serikali.

Jumamosi, 8 Machi

Chumba cha mbele hakina pa kukanyaga. Nyekundu ukutani, bluu sakafuni, rangi mbichi kote. Mama watoto kapita na nguo za kufua, kajikwaa kwenye K, shuka likaangukia za bluu. Kalinyanyua – limeandikwa UCHU! Rangi imepenya hadi upande wa juu, inasomeka vizuri. Shuka la wazee! Nikamwambia tuliache hivyohivyo, litatukumbusha ujana. Hakucheka. Kalikunjakunja kwa hasira, kalitupa kwenye tenga la nguo chafu, kaniacha napaka upya.

Jumapili, 9 Machi

Mafundi wa ng'ambo wamechukua magunia yao kwa mkwe, hawajui yametoka wapi. Sisi tumeshatundika zetu. Zinawaka! Meya kapigwa picha chini yake, kaingiza tumbo ndani. Naye ana kitovu, kumbe.

Jumanne, 11 Machi

Kinyozi kaacha kichwa cha mteja nusu, kaja mbio na wembe mkononi. "Babu! Umeona ng'ambo wamejiandika nini? KIOVU! Kiovu cha Uchumi wa Kanda!"

Mji mzima umeshuka mtoni kusoma. Watu wanashikana mabega kwa kicheko. Nami nikacheka, nikacheka – halafu nikaacha. T iko wapi? Waliotundika hawakuuliza. Waliona herufi, wakazipanga zikabanana vizuri, wakashuka ngazi.

Nikarudi nyumbani mbio. (Mbio zangu, yaani mwendo wa wengine.) Nikapekua hadi uvunguni. Mwisho tenga la nguo chafu. Ndani ya shuka la UCHU, imeganda kwa rangi: T ya bluu, ndefu kuliko mkono wangu.

"Nilihisi shuka zito," kasema mama watoto. "Nikadhani ni hasira zangu."

Nitaipeleka kesho.

Au keshokutwa. Nani ataupa bandari mji wenye jina hilo? Si mimi niliyeficha. Ni shuka.

Alhamisi, 13 Machi

Mambo yamechacha. Ng'ambo wanasema tumewaibia T. Jana mchana kweupe wakaja wakang'oa mshale wa saa yetu. Angalau sasa haidanganyi. Meya kajibu kwa kuweka askari darajani: asivuke mtu na kipande cha bati, iwe sufuria au karai. Kule wamejaribu T ya boksi, mvua ikailowesha, imejikunja kama mtu aliyeshikwa na tumbo. Kisha ikaanguka.

Kinyozi ana raha kama siku ya mshahara. Mimi nilikuwa nayo mpaka saa nne asubuhi.

Saa nne binti kapiga simu. Hakunitania. Huyu mtoto kunitania ndiyo salamu yake!

"Baba, wamemgeuzia kibao mume wangu. Wanasema yeye ndiye aliyeleta fundi. Bosi wake kamwambia, tume ikisoma neno lile kesho, anahamishiwa kituo cha mpakani. Kule jangwani, baba. Basi linakwenda mara moja kwa wiki. Nami nitakwenda naye, na mtoto."

Kisha akauliza:

"Hiyo T hujaiona?"

Nikasema sijaiona. Mdomo huu! Umesema wenyewe, mimi nimesimama pembeni naushangaa.

Mama watoto alikuwa mlangoni anakung'uta mkeka. Akaendelea kuukung'uta, wala haukuwa na vumbi. "Kitovu, kitovu! Miji mizima inapigania kitovu. Kila mtu anacho, hakuna wa kumringia mwenzake. Ni kovu la pale ulipotenganishwa na mama yako." Kisha kaweka mkeka chini. "Mpelekee mtoto T yake."

Nimekaa nayo mapajani. Nilidhani nimeishika ili nimvute mwanangu mtaa wa pili. Nimemvuta mpaka jangwani.

Kesho nitavuka. Askari wanapekua mifuko, magunia, vikapu. Koti langu la harusi hawajalipekua.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi. T imeingia kwenye koti. Mguu wake umelala kwenye uti wa mgongo, mabawa yamekaa mabegani kama henga ya nguo. Siwezi kuinama. Siwezi kugeuka. Nimenyooka kama mnazi – hapana, mnazi hupinda. Nimenyooka kama uongo wa mwanasiasa. Mama watoto kanizunguka, kasema hajaniona na mabega hayo tangu tuoane.

Kanifunga vifungo mwenyewe.

Mchana. Naandika gotini, ndani ya gari la Tume! Ndiyo. La Tume. Hati mbaya, gari linatikisika.

Nilikuwa napita chini ya tao letu, mdogomdogo, macho darajani. Tume ndiyo inashuka. Mwenyekiti ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Katazama juu, kasoma, kauliza hizi herufi nzuri kazikata nani. Meya kanishika begani – bati likalia kwi! – "Huyu hapa! Fundi wetu, mzaliwa wa hapa, damu yetu!" Makofi. Mama Mwenyekiti kasema, "Mzee, una mgongo wa kijana." Nikasema ni lishe.

"Basi twende naye ng'ambo," kasema. "Nasikia kule wana tatizo la herufi. Mtaalamu atatueleza."

Askari wa darajani wametupigia saluti.

Sasa gari limesimama. Watu wamejaa barabarani mbele ya tao lao. KIOVU, bluu, inang'aa kweli. Rangi yangu haichuji. Mkwe yuko juu ya ngazi na T nyingine ya boksi, upepo unaipeperusha. Chini yake, aliyeishika ngazi kwa mikono miwili, ni binti yangu. Tumbo lile! Nani kamruhusu kushika ngazi?

Meya yuko kulia kwangu. Anacheka kwa pua. Kaninong'oneza, "Mzee wetu, tumeshinda. Wewe ukiulizwa, sema tu ni uzembe wao."

Mama Mwenyekiti kageuka kutoka kiti cha mbele. "Haya fundi, hebu tueleze. Hiyo T imepotelea wapi?" Halafu kashusha miwani kidogo. "Na mbona safari nzima hujaegemea kiti?"

Nimemwomba anipe dakika nimalizie kuandika. Meya kaacha kucheka. Ananiangalia mabega.

Binti ameniona. Ameachia ngazi mkono mmoja, ananipungia.

Mlango uko upande wangu. Kifungo cha kwanza cha koti nimeshakifungua.