Niliuita Mji wa Fedha

Jumapili, 8 Novemba 2015. Wiki ya nne tangu niondoke Louisville. Jua linawaka lakini halina joto, na upepo wa huku unapasua midomo.

Leo sikwenda kanisani, kwa sababu kanisa halipo. Lipo jengo lake. Paa limeangukia ndani na mabenchi yamejaa kinyesi cha njiwa. Bahati, Mkongo ninayefanya naye kazi, alisema tusimame mlangoni tuimbe hata wimbo mmoja. Tumeimba. Upepo ulichukua sauti zetu kabla hazijafika barabarani.

Niko Nevada, juu jangwani. Nilidhani jangwa ni mchanga na joto. Hili ni la baridi, lina vichaka vya rangi ya majivu, na liko juu sana hata ukifunga kamba za viatu unahema. Katikati yake kuna mji ambao zamani watu walichimba fedha. Fedha ilipokwisha, watu nao wakaondoka, wakaacha nyumba za mbao zimeegemeana kama walevi, shule, benki, na mashimo marefu milimani ambayo hakuna aliyejali kuyafunika. Amebaki bibi mmoja tu, mwenye baa yenye intaneti. Siku hizi watalii wanakuja kupiga picha, na wengine wanataka kuchungulia mashimo. Kazi yetu ni kuyazungushia uzio: nguzo, wavu wa chuma, na bango la hatari.

Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, nyuma ya mipaka ya kambi. Sikuwahi kufikiri kwamba mkate wangu Marekani utatokana na kujenga uzio.

Jumanne giaboksi ya gari letu ilikufa. Bosi akaondoka na lori lililokuja kulivuta, akasema anakwenda mjini kutafuta nyingine. Usiku ule theluji ikaanguka, ikafunga njia ya mlimani. Tumebaki wawili, na nguzo zimelala chini zinatungoja. Kambini ukitaka kutoka ulihitaji kibali, na askari wa kukuuliza unakwenda wapi alikuwepo. Hapa hakuna askari. Barabara iko wazi mpaka macho yangu yanapoishia. Naweza kuanza kutembea sasa hivi, na hakuna atakayeniuliza kitu.

Hakuna aliyenifungia. Hilo ndilo linalonichosha.

Lakini leo nataka kuandika habari ya neno moja, kwa sababu wengi mnaosoma blogu hii ni watu wa Newburg, mtaa wetu kule Louisville, na neno lenyewe mmeshalisikia.

Bosi aliponiita kwenye kazi hii aliniambia kwa Kiingereza kwamba tunakwenda mji wa zamani wa fedha. Alimaanisha madini, ile fedha ya pete na vijiko. Nami nikamwambia mke wangu Goreti kwa Kiswahili changu, na sikusema uongo: tunakwenda mji wa fedha. Goreti alikuwa anakoroga ugali. Mwiko ukasimama. Akasema, "Asante Yesu." Nikadhani anashukuru kwa sababu nimepata kazi.

Jumapili iliyofuata, mimi nikiwa tayari njiani, alisimama wakati wa shuhuda. Akasema mume wake ameitwa kwenye mji wa fedha. Kanisa zima likaitikia amina. Kwenye kanisa letu fedha ni ile inayoingia kwenye kikapu. Nani angefikiria vijiko?

Nilipomweleza Bahati, alicheka mpaka akakaa chini juu ya mfuko wa saruji.

"Usijilaumu, muzee," aliniambia. "Hata mu Kifaransa iko vilevile. Argent ni makuta, ile pesa, argent ni ile chuma. Donc bazungu nabo balijichanganya."

Ningeweza kusahihisha siku ile ile niliyojua walivyonielewa. Lakini mchungaji alinipigia akaniita mzee wetu, na mimi sijawahi kuitwa hivyo na mtu aliyesoma. Nikajiambia nitaeleza nikirudi.

Ndipo jana Goreti akanitumia ujumbe kwamba kaka yake anakuja kwangu.

Kaka yake anaitwa Zabron. Anaishi Buffalo, West Side, ana mke na mtoto mwenye pumu. Anafanya kazi kiwanda cha mikate, na bima inayomnunulia mtoto dawa ya kuvuta inatoka kwenye kazi hiyo. Goreti ameandika kwamba Jumatatu asubuhi, yaani kesho, Zabron atawaambia kiwandani kwamba harudi. Halafu atapanda basi, atapitia Columbus kuchukua vijana wawili wa ukoo, na watashuka Louisville kuulizia njia ya mji wa fedha.

Simu hapa inashika sehemu moja tu, kilimani kwenye makaburi. Baada ya wimbo wetu nikapanda.

Mbao za makaburi yale zimeliwa na upepo. Chache bado zinasomeka, na karibu kila moja imeandikwa mahali marehemu alikotoka, mbali, ng'ambo ya bahari. Nao bila shaka waliwaambia wake zao wanakuja kidogo tu. Nilisimama kati ya mbao mbili, nikainua simu juu mpaka ikapata mawasiliano.

"Tajiri wetu!" Zabron alipokea kabla haijalia vizuri. "Nilikuwa nakusema sasa hivi."

"Shemeji, sikiliza. Usiache kazi."

"Eh, umeanza."

"Huku hakuna kitu. Fedha niliyoisema ni madini, na ilikwisha kabla babu zetu hawajazaliwa. Mji umekufa, Zabron."

Akacheka. "Shemeji, mimi nakujua tangu kambini. Si wewe uliyekuwa unawahi foleni ya maharage, halafu unatuambia yamekwisha?"

Huyo alikuwa ndugu yangu mkubwa, si mimi. Lakini haukuwa wakati wa kubishana.

"Haki ya Mungu, hakuna kitu."

"Aliyepata lazima aape. Nimemwambia hata Goreti: siku mumeo atakaposema hakuna kitu, ujue amekifikia."

"Nyumba hazina paa! Benki haina hata mlango!"

"Kumbe benki ipo?"

"Kuta tupu, Zabron!"

"Lakini ipo."

Nilitaka kuitupa simu bondeni. Kila nilichosema kilikuwa kinanenepesha ule mji kichwani mwake. Nikisema hakuna, anasikia ninaficha. Nikiapa, anasikia ninaficha kingi. Na kesho asubuhi mtu huyu anakwenda kurudisha kofia ya kiwanda, na mtoto wake atabaki na dawa iliyobaki kwenye kopo.

Nikajua kuna neno moja tu ambalo hawezi kulisikia vibaya. Lakini nilijua pia kwamba nikilitoa halirudi. Litafika Buffalo, litapita Columbus, na kabla ya ibada ya jioni litakuwa Newburg, na yule mzee wetu atakuwa amekwisha.

"Basi njoo," nikasema. "Ila uje na gari. Uje unitoe."

"Nikutoe wapi?"

"Hapa. Gari la kazi limekufa, bosi ameondoka nalo, theluji imefunga njia. Chakula chetu kimekwisha, tunakula maharage ya kopo tunayopewa na bibi mwenye baa. Nimekwama, shemeji. Siwezi kutoka."

Hakucheka. Nilisikia redio jikoni kwake, na mtoto akikohoa.

"Umekwama," alisema taratibu. "Kama kule kambini?"

"Kule nilikuwa na nyinyi."

Nadhani alikuwa anasimama, kwa sababu kiti kilikwaruza sakafu.

"Dada yangu anajua?"

"Bado."

"Mwambie mwenyewe. Mimi siwezi kupeleka habari kama hiyo." Halafu akauliza, "Na hawa vijana wa Columbus niwaambie nini? Wameshafunga mabegi."

"Waambie nimekwama. Tumia neno hilo hilo, usitafute jingine."

"Sawa." Akapumua. "Basi ngoja nikalale mchana, kesho nina zamu ya asubuhi."

Hapo mawasiliano yakakatika. Sikuhitaji mengine.

Nilikaa kati ya zile mbao mpaka vidole vikafa ganzi. Nilifurahi, siwezi kukataa. Lakini nilikuwa pia kama mtu aliyevua koti la kuazima mbele za watu. Wiki nne nilikuwa mtu fulani. Nimeshuka kilima nikiwa yule yule wa kuinua nguzo.

Nilimpigia Goreti mara kadhaa kabla ya kushuka. Simu imezimwa, yuko ibadani. Labda hivi sasa wananiombea mafanikio.

Nilipopita kwa bibi wa baa kuazima intaneti ya kuandikia haya, aliuliza kwa nini uso wangu uko hivi. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuchechemea, fedha mbili, ile ya vijiko na ile ya kikapu. Hakucheka kama Bahati. Aliingia nyuma ya kaunta akatoa jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake, akaniwekea mkononi. Nikauliza ni nini. Akalitaja kwa lile neno la Kiingereza, silver, ambalo halina pesa ndani yake. Fedha ikiwa bado kwenye mwamba haing'ai, alisema. Ukiikuta njiani unaweza kuipiga teke. Akaniambia nibaki nalo.

Liko hapa karibu na simu. Nalitazama na sioni kitu ambacho mtu angeacha nyumbani kwake kwa ajili yake. Lakini waliacha. Na mimi je, niliacha nyumbani kwa ajili ya nini? Kazi, ndiyo. Lakini siku ile mwiko uliposimama kwenye ugali, mimi pia niliangalia uso wa Goreti nikapenda jinsi ulivyokuwa.

Goreti, najua utasoma hii ukitoka kanisani, na wengine watakuwa wameshakusomea. Samahani kwamba unaisikia hapa. Kaka yako anabaki kazini kwake, dawa ya mtoto iko salama. Mimi nimekwama, lakini si mgonjwa na sina njaa. Mwombe mchungaji aniwekee nafasi kwenye matangazo. Nitasimama nieleze mwenyewe, na atakayetaka kujua kama nimeleta fedha nitampa jiwe alishike.

Bosi ametuma salamu kwa bibi wa baa kwamba giaboksi imepatikana na anarudi na gari Alhamisi. Yamebaki mashimo machache upande wa bonde. Barabara ikifunguka, nitegemee Jumapili ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani, kabla ya ibada. Pika chochote unachotaka, isipokuwa maharage.